Vipimo vya Mama Mmoja

Fundi si mtu wa kubahatisha, jamani. Miaka ishirini na mbili anakata vitambaa vya watu, na mkasi wake haujawahi kumwaibisha. Sasa ilikuwaje gauni la harusi la binti yake wa pekee likamvaa binti badala ya binti kulivaa?

Tangu wiki iliyopita mambo hayakuwa yakikaa sawa. Alikuwa anashona, mara akajiona yuko pembeni, anamtazama mwanamke mwingine akishona. Mikono aliijua ni yake, lakini ilikwenda kama ya jirani. Kikombe cha chai kilipanda mdomoni, ladha hakuna. Wazimu? Wapi! Sentimita zote alikuwa nazo kichwani, na ndiyo maana alizidi kuchanganyikiwa. Kilichomtisha hasa ni kwamba binti alimkumbatia na yeye hakuhisi kitu. Akajiuliza kama mapenzi ya mwana huweza kwisha hivihivi. Swali hilo akalimeza.

Sasa ni Jumatano, harusi ni Jumamosi, na binti amesimama kwenye chumba cha kushonea, gauni linampwaya na kuburuzika sakafuni. Fundi akavuta daftari la vipimo. Ukurasa wa binti ulikuwepo, sahihi kabisa. Uliofuata ulikuwa na vipimo vya mtu mnene zaidi, kwa mwandiko uleule wa fundi, na penye jina pameandikwa "mama mmoja". Gauni lilikatwa kwa vipimo hivyo.

Binti akawaka. Alisema alijua tangu mwanzo kwamba mama hamtaki mchumba wake, basi angesema tu, kuliko kumharibia kitambaa. Na huyo mama mmoja ni nani?

Fundi akajitahidi kukumbuka.

"Alisimama pale kwenye kioo," akasema. "Nikampima. Alikuwa analia, maskini. Nikamuuliza kulikoni, akasema ana binti anaolewa, na yeye hajui moyo wake umekwenda wapi."

Binti akatazama kioo, akatazama vipimo, akamtazama mama yake kuanzia kifuani mpaka nyongani. Hasira zikamwisha zote. Akaketi palepale sakafuni, gauni likamzunguka, akashika mkono wa mama yake na kuubana.

"Akirudi huyo mama," akasema, "mwambie binti yake anamsubiri."

Fundi akautazama mkono ule ukibanwa. Akaitikia kwamba atamwambia, kama atarudi.