Kidole cha Kusalimu Amri

"We kifaranga, mama yako anajua uko huku?" Bromio, jitu la miraba minne, alimtania mpinzani wake wa mieleka, na uwanja mzima wa Olimpia ukaangua kicheko.

Filino, mwembamba kama ufito, akamsogelea. Jitu lile lilipomkumbatia ili limvunje mbavu, Filino alikamata kidole kimoja cha Bromio, akakikunja kinyume mpaka kikaalika kama ukuni mkavu. Kikafuata cha pili. Aliendelea bila haraka, kama mtu anayemenya maharage, hadi mikono yote miwili ikaisha. Bromio akaanguka magotini akipiga mayowe. Filino akampanda mgongoni, akamkaba koo.

"Basi, ndugu yangu," Bromio alikoroma. "Nimeshindwa. Waambie!"

"Sheria unaijua, kaka. Maneno hayahesabiwi humu. Anayeshindwa ananyoosha kidole juu."

Bromio akainua mikono yote miwili, vidole vikining'inia kila kimoja na upande wake. Mwamuzi, fimbo mkononi, akasogea, akainama, akaitazama kwa makini.

"Sijaona kidole kilichonyooka," alisema. "Endeleeni."

Filino, ambaye alikuwa amelipanga hilo tangu asubuhi, akakaza mkono.