Bweni Lilipofungua Madirisha

"Mwizi akithubutu kukanyaga hapa, mama, atarudi kwao akitambaa," alisema Komandoo, akipanda ngazi za bweni la wasichana kifua mbele kama mtu aliyemeza mto. Jina la Komandoo alijibatiza mwenyewe, na wenzake chuoni walimwachia, maana hakuna aliyekuwa akiligombea.

Mama yake, fundi cherehani asiye na maneno mengi, alimfuata nyuma. Alikuwa amesikia kwamba kompyuta za wanafunzi zinayeyuka pale chuoni kama chumvi mvuani. Ndiyo maana siku hiyo ya wageni alikuja na begi kubwa, tupu. Asiporidhika na usalama, angelijaza nguo za binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kuondoka naye. Binti aliliona lile begi, akajua limekuja kumchukua.

Komandoo, kaka mtu, akajitwika kazi ya kumtuliza mama. Alieleza anavyozunguka chuo kizima na anavyomnusa mwizi kabla hajafika getini. Mdogo wake akaonyesha filimbi iliyokuwa shingoni mwake. Wasichana wote wanayo, alisema, na utaratibu wao ni mmoja: kupuliza, kufungua dirisha na kutazama, bila kumkimbiza mtu. Komandoo alicheka hadi akashika mbavu. Akauliza kama mwizi ataonyeshwa kadi ya njano pia.

"Basi, kaka Komandoo," mdogo wake akamwambia, "nenda kaniletee shuka langu kwenye kamba. Hilo halihitaji bunduki."

Uwanja wa kuanikia ulikuwa nyuma ya bweni, umezungukwa na ghorofa pande tatu. Komandoo hajagusa hata kibanio, mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka mwanamume aliyevaa kama fundi bomba, mkoba umetuna, na waya wa kompyuta unaning'inia nje kama mkia wa panya aliyejificha vibaya. Wakatazamana.

Hapo ndipo Komandoo alipokumbuka kwamba nyumbani kwao anategemewa. Akajibanza nyuma ya shuka lililomfika magotini.

Juu ikalia filimbi moja, ndefu. Ilikuwa ya mdogo wake. Ikajibiwa na nyingine kutoka ghorofa ya jirani, na nyingine tena, mara hazihesabiki. Bweni zima likalia kama mti uliojaa ndege alfajiri. Madirisha yakafunguka, na kila dirisha likatoa uso. Huyu ana povu la sabuni kichwani, yule mswaki mdomoni, wengine wamebanana kama vidole ndani ya soksi. Halafu filimbi zikanyamaza kwa pamoja, kama uzi uliokatwa kwa mkasi.

Hakuna aliyetukana wala kurusha jiwe. Walitazama tu.

Komandoo, nyuma ya shuka lake, alihisi nywele zikimsimama. Maisha yake yote alidhani nguvu ni ngumi. Hii hapa haikuwa na ngumi hata moja, na ilikuwa imeujaza uwanja mpaka hewa ikawa nzito. Mwizi aligeuka kushoto, akakuta macho. Akageuka kulia, macho. Akainua kichwa, akakiinamisha upesi kama aliyetazama jua la mchana. Taratibu akautua mkoba, akaketi kwenye ukingo wa karo la kufulia, mikono magotini, akawangoja walinzi. Nao walikuja wakitembea.

Komandoo alirudi juu na shuka mkononi, bado ameduwaa. Lakini alipofika mlangoni ulimi ukamtangulia. Akaeleza alivyomkazia mwizi jicho, alivyomzibia njia, hata mtu akaketi mwenyewe bila kusukumwa.

Mama alikuwa bado amesimama dirishani. Lile begi alikuwa amelikunja na kulikunja tena, likawa dogo kama mkate, akalibana kwapani. Binti alikuwa akifuta machozi kwa mgongo wa mkono, huku anacheka.

"Mwanangu atabaki hapa," mama alisema. "Mabinti hawa wanajua kutazama. Na mimi nimetazama pamoja nao."

Akanyoosha mkono, akalipokea shuka, akalipapasa pindo polepole kama alivyozoea kufanya mbele ya mteja.

"Hili nimelishona mwenyewe, baba," akamwambia mwanawe. "Sikumbuki kulitia miguu."