Bei ya Jioni

Kopo la maziwa ya mtoto lilikuwa juu ya kaunta, na mkono wa Mama Bei ulikuwa juu ya kopo. Binti wa kaunta alimwangalia kwa huruma, akarudia bei ile ile.

"Rafuni haikuwa hivyo," Mama Bei alisema. "Nimeiona sasa hivi kwa macho yangu haya."

"Ndivyo mashine inavyosema, shangazi."

Foleni ikaanza kuguna. Mtu mmoja nyuma akasema kama hana hela awapishe wenzake. Meneja akaja na shati lake jeupe na tabasamu la kuazima, akamwongoza mpaka rafuni kama anayempeleka mwizi kituoni. Kioo kidogo cha bei, kisichozidi ukubwa wa kiberiti, kilikuwa kimeshabadilika. Maziwa yalikuwa yamepanda kwa thamani ya mkate mzima alipokuwa anatembea kwenda kulipa, na Mama Bei akaonekana mwongo mbele ya duka zima.

"Mashine inasoma soko," meneja alieleza kwa sauti ya kusikika. "Kuna jicho hapo juu ya rafu. Vitu vikipungua, inapandisha. Watu wakijaa jioni, inapandisha. Si wewe mwenyewe uliyevibandika hivi vioo? Ulidhani mapambo?"

Watu wakacheka, na hicho kicheko kikamchoma kuliko bei. Ni kweli alivibandika yeye, rafu baada ya rafu, magoti yakimwaka moto. Alipomaliza cha mwisho akapewa bahasha, akaambiwa asante, kazi imekwisha.

Kabla ya hapo bei za duka lile zilikuwa mkononi mwake. Aliziandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu ya wino mzito, asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, na alichokiandika hakikuguswa mpaka duka lifungwe. Wafagiaji na wanawake wa kiwandani, ambao hutoka kazini jioni, walilipa sawasawa na mwenye gari aliyepita asubuhi. Jina la Mama Bei alipewa na hao.

"Karatasi zangu zikikosea ulikuwa unanikata mshahara," alimwambia meneja. "Hii mashine unaikata nini?"

"Mashine haikosei, mama. Unachukua au unaacha?"

Akaacha. Nyumbani mjukuu wake, aliyeachiwa na binti yake aliyekwenda kutafuta kazi mbali, alikunywa maji ya sukari, akalia mpaka sauti ikamkauka. Mama Bei alimbembeleza huku amekaza meno. Chozi halikumtoka. Alikuwa anampangia yule meneja cha kumfanya.

"Hatuibi, hatuvunji," aliwaambia wenzake bombani. "Tunajaza toroli, tunapanga foleni, tunapigiwa hesabu. Halafu tunasema bei imetushinda, tunajiondokea."

"Na vitu?" akauliza jirani yake, mfua nguo.

"Avirudishe yeye! Anzeni na friza. Kuku, samaki, siagi, kila kinachoyeyuka. Na maziwa ya kopo mbebe yote. Nataka rafu yake ibaki tupu kama alivyoniacha mimi."

"Wee! Mtu ataipata ya mwaka!" Mfua nguo akapiga makofi, na wote wakacheka mpaka ndoo zikafurika.

Jioni ya mwisho wa mwezi wakaingia, wawili wawili, wamevaa nguo zao nzuri. Loo, ilikuwa tamu! Toroli zilijaa mpaka magurudumu yakalia. Kwenye kila kaunta ilisikika sauti ile ile ya upole: "Imepanda? Basi, mwanangu, sitaki." Na mwingine nyuma yake vilevile. Toroli zikasongamana, kuku wakaanza kuchuruzika, maji mekundu yakatambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya meneja. Jasho lilimtoka yule mtu mpaka shati likamganda mgongoni.

"Mama Bei, nakuomba," alisema. "Waambie warudishe."

"Waambie vioo vyako kwanza."

Mama Bei angeweza kuula ule uso wake kwa kijiko. Lakini meneja akageuka, akatafuta wa kuwamwagia hasira, akawapata.

"Hasara hii itatoka kwenye mishahara yenu," aliwaambia watu wa kaunta. "Nyote!"

Binti wa kaunta akamtazama Mama Bei. "Shangazi," alisema.

Mama Bei akayakwepa macho yake. Akaenda zake rafuni. Fedha ya kopo alikuwa ameifunga kwenye pindo la nguo tangu asubuhi, fedha ya kukopa. Alikuwa amepanga kununua kopo moja mwishoni, meneja akiwa amenywea, atoke nalo kifua mbele. Kopo moja lilikuwa limebaki, limesukumwa kule nyuma. Akalivuta, akatazama kioo.

Bei ilikuwa mara mbili ya siku ile. Jicho la juu liliona makopo yakiondoka kwa fujo, likadhani mji mzima umezaa.

Akafungua pindo, akatazama noti zake, akalifunga tena. Nyuma yake wafanyakazi walikuwa wanaburuta kuku waliolegea kuelekea pipa la uani. Mmoja alibeba chupa ya dawa ya kusafishia choo, awamwagie huko, asije mtu akawaokota.

Mama Bei akatia mkono kifuani, akatoa kalamu nyekundu. Akaandika juu ya kioo, kwa mwandiko uliojulikana na kila mtu mle ndani, bei ya asubuhi. Chini ya wino tarakimu zikapepesa, zikapanda tena, zikaonekana waziwazi kati ya mistari yake. Akasogea kwenye kioo cha pili, akaandika. Hicho nacho kikapepesa.

"Mlinzi!" meneja aliita.

Akasikia buti zinakuja. Akakitupa kifuniko cha kalamu, akainama kwenye rafu ya chini, akaandika.