Siku Tatu Chini ya Maji

Calixte Niyokwizera aliwaapia watu wa kwao Rumonge, Burundi, kwamba atarudi na mashua yake mwenyewe, kwa tanga, bila kuvutwa na injini ya mtu. Sasa kibali chake cha kukaa Tanzania kilibakiza siku nne, na mashua aliyoinunua hapa kwenye ufukwe wa Kasingirima ilikuwa ikinywa maji kama mlevi.

Ilikaa juani miezi minane, mbao zikakauka na kuachana. Calixte hakumwuliza mtu. Wiki nzima alishindilia pamba yenye mawese kwenye kila ufa, akigonga kwa hasira. Leo akaishusha ziwani, na kabla hajapandisha tanga maji yalishamfika vifundoni.

"Shemeji!" Veneranda, mmoja wa waanika dagaa, alimwita kwa utani kutoka kwenye chanja za kuanikia. "Umenunua mashua au beseni?"

Wanawake wenzake wakaangua kicheko. Calixte aliendelea kuchota maji, masikio yakiwaka kwa aibu.

Fundi Telesphory, aliyezeeka akiunda mashua ufukweni hapo, alisogea akapapasa ubavu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Toa nusu ya pamba yako, kisha uizamishe."

"Niizamishe? Mashua yangu?"

"Ijaze mawe, ilale hapo penye kina kifupi siku tatu. Mbao ina kiu, bwana. Ikishiba itajibana yenyewe. Ila kwa pamba yote hiyo itavimba ikose pa kwenda, ing'oe misumari."

"Nina siku nne tu, mzee!"

"Basi utabaki na moja ya safari. Au ondoka leo, tusikie kama ulifika."

Jibu kali lilimjia Calixte mdomoni. Lakini macho yake yalikuwa yameshaangukia ubao wa mbele, ule alioushindilia kuliko yote. Vichwa viwili vya misumari vilikuwa vimeanza kuchomoza. Ilikuwa kazi ya mikono yake.

Akalimeza jibu, akachukua patasi. Alichokonoa pamba hadi jioni, kisha akabeba mawe mwenyewe, moja baada ya jingine, akipita mbele ya wale wanawake kichwa juu, mpaka mashua ikatoweka.

Kila asubuhi alipiga mbizi akaipapasa. Akajua ni mbavu zipi zilizoungwa, msumari upi ni mzee, na kwamba mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, umepinda kidogo kushoto. Siku ya tatu nyufa hazikupitisha hata ukucha.

Alfajiri ya siku ya nne alitoa mawe, akachota maji mpaka mashua ikaelea.

"Bado inavuja nyuma," Telesphory alisema.

"Najua. Ubao wa nne, chini ya usukani. Na itavuta kushoto."

Mzee akamtazama, kisha akaisukuma mashua.

Upepo wa kusini ulishika tanga. Ilivuta kushoto kweli, naye akahamishia mzigo kulia. Alipopita kijiji cha Mwamgongo, boti ya injini ilimkaribia, kijana mmoja akainua kamba.

"Kaka, maji hayo! Tukuvute?"

"Jivuteni wenyewe!" alijibu Calixte, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukichota.