Kitambaa cha Kufutia Matufe

Dadi hakuwa na baiskeli. Hakuwa na saa ya mkono, wala jino la mbele upande wa kushoto, wala mtoto wa kiume wa kurithi jina lake. Hakuwa na cheti chochote isipokuwa kile cha kisomo cha watu wazima, nacho mchwa walikwisha kukila kikabaki muhuri. Mapungufu hayo alikuwa ameyazoea, kama mtu anavyozoea mwiba uliozama unyayoni ukaota sugu. Lakini asubuhi ile, akiwa ameinama juu ya rundo la mitumba pembeni mwa stendi ya Lindi, kuna upungufu mmoja uliomnyima raha. Hakuwa na kitambaa.

"Chukua hili, mzee," alisema Francis, muuza mitumba, akimrushia shati. "Mali safi. Marehemu wa Ulaya alilivaa siku moja tu, akafa kwa raha."

Dadi hakucheka. Alilisogeza shati mdomoni, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akangoja. Mate yalibaki juu ya kitambaa yakimetameta, kama umande juu ya jani la mgomba.

"Nailoni," alisema. "Halinywi."

"Sasa shati linywe nini, mzee wangu? Nilipe chai?"

"Linywe mafuta na jasho."

"Basi hutafuti shati. Unatafuta mlevi!"

Waliokuwa wakichagua nguo walicheka. Dadi alionja mashati mengine, na suruali, na shuka lenye picha ya maua, kisha akaondoka mikono mitupu.

Kazi yake ilikuwa ya ajabu, na wengi mjini hawakuamini kama ni kazi. Katika shamba la mkonge nje ya mji palikuwa na ukumbi mrefu ambao mabwana wa zamani waliujenga kwa ajili ya mchezo wao. Mchezaji alishika tufe jeusi la mpira mgumu, zito kama jiwe la kusagia, akaingiza vidole katika matundu yake matatu, akaliviringisha juu ya sakafu ya mbao iliyopakwa mafuta, hadi likaangusha chupa kumi za mti zilizosimamishwa mwishoni. Mabwana waliondoka. Shamba likawa la serikali. Bei ya mkonge ikaanguka na ukumbi ukalala. Dadi peke yake ndiye aliyeendelea kuufungua, kuufagia, na kuyafuta matufe, kwa sababu hewa ya chumvi ya Lindi haina huruma na mpira. Ukiliacha tufe kwa majuma machache linaota ukungu mweupe, na ukiliacha zaidi ukungu unageuka ufa.

Sasa nchi ilikuwa imefungua milango, shamba limeuzwa kwa kampuni, na mjumbe wa wanunuzi alikuwa anakuja Alhamisi kuona kipi kibaki na kipi kibomolewe.

"Akikuta matufe yako yamepauka kama magoti ya mganga," Fidelis, mlinzi wa lango, Mmakonde na mtani wake, alimwambia Dadi, "atayatupa shimoni, na wewe atakutupa juu yake uyalalie."

"Wewe atakutupa kwanza, mla panya."

"Mimi nina lango, mtani. Hata anayebomoa hupita langoni."

Kitambaa cha tufe huchaguliwa kama mkwe. Hutazami anavyong'aa. Kipya hakifai, maana bado kina wanga wa kiwandani. Chenye mshono au kifungo kinakwaruza. Nailoni inahamisha mafuta kutoka upande huu wa tufe kwenda upande ule, basi. Kinachofaa ni pamba iliyofuliwa miaka na miaka hadi ikasahau kuwa iliwahi kuwa ngumu. Na ukishakipata ukitunze: ukikung'ute mchanga kabla ya kukiloweka, ukifue peke yake kwa sabuni ya mche, ukianike kivulini, tena usikifutie kitu kingine chochote duniani. Kitambaa kilichofuta meza leo, kesho kitalichora tufe.

Miaka yote ile kitambaa kilitoka kwa Kidawa, mkewe. Hata wakati maduka yalipokuwa na rafu tupu na doti moja ya kanga ilingojewa kwa foleni ya kutwa, Kidawa hakukosa tambara kuukuu la kumpa. Hakusema "chukua". Nguo aliyokwisha kuiachia aliikunja akaiweka juu ya kifuniko cha sanduku lake, na Dadi akajua ni yake. Ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba yao, na haikuwahi kuandikwa wala kujadiliwa. Lakini majuma yale kifuniko kilikuwa kitupu.

Siku ile aliporudi kutoka stendi, Kidawa na binti yao Naima walikuwa shambani kwenye mihogo. Chumba kilinukia karafuu. Na juu ya kifuniko cha sanduku palikuwa na nguo iliyokunjwa vizuri, nyekundu, nyeusi na nyeupe.

Ilikuwa kisutu. Si kisutu chochote, bali kile cha mama yake Kidawa. Ndicho alichofunikwa Kidawa siku anatoka kwao kuwa mke, na ndicho atakachofunikwa Naima korosho zikishauzwa, maana mchumba alikwisha kupatikana huko Kiranjeranje na mahari ilikwisha kusemwa. Dadi alijua. Alijua pia kwamba nguo inayonukia karafuu imetoka ndani ya sanduku ili ipate hewa, haijaachiwa mtu. Lakini mkono wake ulikuwa umetangulia kuigusa. Ulaini ule haukuwa na mwenzake. Akaipeleka kwenye ulimi, na mate yakatoweka mara moja, kama maji kwenye majivu.

"Ipo juu ya kifuniko," alijisemea, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu, naye hakimu ni yeye mwenyewe.

Akachukua wembe, akaikata vipande vinne.

Kidawa aliporudi alilitua jembe ukutani, akanawa miguu, akaingia.

"Baba Naima, nguo niliyoitoa ipate hewa iko wapi?"

"Ilikuwa juu ya kifuniko."

Kidawa alivitazama vipande vinne juu ya mkeka. Alikaa kitandani polepole, kama mtu aliyetua mzigo.

"Ilikuwa juu ya kifuniko," alirudia. "Na macho yako yalikuwa juu ya nini?"

Mgeni wa Alhamisi, ukumbi, riziki, yote yalikuwa maneno ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

Asubuhi yake Kidawa aliondoka kwenda kwao Rutamba, kwa kaka yake Ahmadi, na Naima nyuma yake amejitwika sanduku kichwani. Naima aligeuka mara moja njiani. Mama mtu hakugeuka.

Fidelis aliwaona wakipita, na kwa mara ya kwanza hakutania. Yeye na Dadi walijua maana yake. Kwa watu wa kwao mjomba si mtu wa pembeni. Kidawa akikaa Rutamba mpaka harusi, Naima atatokea mlango wa Ahmadi akiwa bibi harusi, na babake mzazi atafika kama jirani aliyealikwa, apewe kiti katika safu ya wageni, ale pilau, ashukuru, aondoke.

Alhamisi mjumbe wa kampuni alifika. Jina lake Jerome, kijana mnene mwenye sauti ya Dar es Salaam, viatu vyake vyeusi vimejaa vumbi jekundu la barabara ya shamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana. Karibu ukumbini."

Matufe yalikuwa yamepangwa kwenye kichanja chake cha mbao. Yaling'aa hata dirisha lilionekana ndani yake, na mkorosho wa nje ya dirisha. Jerome akachukua moja, akakimbia hatua chache, akaliachia. Mbao ziliguna. Chupa sita zilianguka kwa kishindo, na yeye akaruka akishangilia kama mtoto aliyeangusha embe.

"Aisee, mzee! Haya matufe umeyafanya nini? Wenzangu waliniambia nitakuta mawe."

"Nimeyafuta tu, bwana."

"Ukumbi huu haubomolewi. Wageni watakuja, hoteli itakuja, wewe utakaa nao hapa hapa. Jumatatu uanze kwa mshahara mpya. Na habari ya vitambaa usihangaike tena. Vinakuja katoni nzima kutoka Dubai, na dawa yake ya chupa."

Akiwa bado anasema, alinyoosha mkono, akachukua kitambaa kilichoning'inia kando ya kichanja, akapandisha mguu juu ya benchi na kuanza kufuta kiatu. Alifuta ncha. Alifuta kisigino. Akabadilisha mguu.

Dadi alitazama rangi nyekundu ya kisutu ikipita juu ya ngozi nyeusi, ikienda, ikirudi. Jambo aliloliomba kwa Mungu miaka mingi lilikuwa limetamkwa sasa hivi, na alipaswa kushukuru.

"Naomba hicho, bwana."

"Kitambaa tu, mzee. Nimekwambia vinakuja katoni..."

"Hiyo ni nguo ya mama mkwe wangu. Amefariki."

Jerome alicheka, akamtazama Fidelis aliyekuwa mlangoni ili wacheke pamoja. Fidelis hakucheka. Kijana akashusha mguu taratibu, akakikunja kitambaa, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Samahani, mzee wangu. Sikujua."

"Hukujua," Dadi aliitikia. "Wewe hukujua."

Vipande vitatu vilikuwa havijatumika. Alivifua vyote, akavianika kivulini. Kile cha nne alikifua akarudia, akakiacha usiku kucha kwenye maji ya sabuni, lakini doa la dawa ya viatu lilibaki, jeusi, kubwa kama kiganja cha mtoto mchanga. Akavibeba mpaka kibarazani kwa Maftaha, fundi cherehani.

Maftaha alivitandaza juu ya meza, akavisogeza kingo kwa kingo, akapitisha kidole.

"Kuunga naweza," alisema. "Lakini mshono utapita utosini mwa bibi harusi. Kila mwanamke atakayepiga kigelegele atauona."

"Na ukiuficha?"

"Naweza kuuficha kwa watu. Kwa Mama Naima siwezi."

Dadi aliposikia hivyo aliviokota vipande, akavikunja tena.

"Niache nikushonee, mzee. Kitu kilichoshonwa si sawa na kitu kilichokatwa."

"Nguo si yangu, Maftaha. Niliamua mara moja juu yake. Nisiamue mara ya pili."

Fidelis naye alikuwa na shauri lake, na lilikuwa shauri la watu wote.

"Tafuta mshenga, mtani. Chukua mzee mmoja na jogoo mmoja, mwende kwa Ahmadi. Mtakaa, atanung'unika, atapokea jogoo, yatakwisha."

"Ndiyo. Ahmadi atasema yamekwisha. Na Kidawa atarudishwa kama sufuria ya kuazima."

"Si atarudi?"

"Atarudi."

"Sasa wewe unataka nini?" Fidelis aliuliza.

"Karatasi."

"Barua! Mke aliyerudi kwao haandikiwi barua, Dadi. Rutamba nzima itacheka. Utasemwa mpaka kwenye ngoma za unyago."

"Wacheke. Kidawa na mimi tulikaa benchi moja kwenye kisomo. Alijua kusoma kabla yangu. Hahitaji wa kumsomea."

Aliandika mchana, ukumbini, na benchi ndilo lililokuwa meza. Alikuwa hajawahi kumwandikia, kwa sababu hawakuwahi kulala mbalimbali. Alianza na salamu ndefu za heshima, zile walizofundishwa na mwalimu wao wa jioni, akaona zinasimama mbele yake kama ukuta, akachana karatasi. Akaanza tena. Alipofika kwenye habari ya doa alisimamisha kalamu. Angeweza kusema ni weusi wa matufe. Weusi ni weusi, na nani angeujua? Nje, wapasua kuni walikuwa wakigombana juu ya shoka. Aliwasikiliza mpaka walipopatana, ndipo akaandika:

"Kwako Kidawa. Sikukosea kwa kutojua. Niliona kuwa ni kisutu cha mama, nikajua umekitoa kipate hewa, nikakikata. Kifuniko nilikisingizia. Vipande vyote vinne hivi hapa. Kimoja kina doa. Mgeni alikifutia viatu, nami nilikuwa nimesimama pale natazama. Nimekifua lakini halikutoka. Maftaha anaweza kuviunga, ila sikumruhusu, uamuzi ni wako. Ukumbi umebaki na kazi ninayo. Sikwambii urudi. Naomba unijibu Naima atatokea mlango gani, ili nijue pa kusimama. Ni mimi, Dadi."

Akaisoma mara moja tu, kwa hofu kwamba akirudia atapata la kupunguza.

Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake imekwisha kuliwa na unyevu. Dadi alitoka nje, akatafuta kwenye gome la mkorosho pale utomvu ulipochuruzika, akabandua donge, akalilainisha kwa maji kati ya vidole, akapaka ukingo wa bahasha na kuukandamiza juu ya goti lake hadi ukashika. Vipande alivifunga kwenye gazeti na kamba ya mkonge, bahasha juu.

Lori la wanunuzi wa korosho lilikuwa langoni, injini inatetemeka, magunia matupu yamelundikwa nyuma. Fidelis alikuwa ameushikilia mti wa lango juu, hautelemshi, kana kwamba mkono umegandia hapo hapo.

"Rutamba, mzee?" utingo aliuliza.

"Rutamba. Kwa Kidawa, dada yake Ahmadi. Umpe yeye mkononi. Si kaka yake."

"Nikiambiwa hayupo?"

"Keti umngoje."

"Mzee, lori lina safari!"

Dereva alitoa kichwa dirishani, akamtazama Dadi, akautazama mzigo. "Tutamngoja," alisema.

Utingo aliupachika mzigo ndani ya shati lake, akafunga vifungo, akadandia. Lori liliondoka likiyumba kwenye mashimo, magunia yakipigapiga upepo, likaingia kati ya mikonge iliyokwisha kuota mashina marefu bila mtu wa kuikata. Vumbi lake lilibaki hewani muda mrefu. Dadi alisimama langoni. Gundi ilikuwa bado mbichi vidoleni mwake, akavibana, vikashikana. Akaviachanisha, akavibana tena, macho yake kwenye barabara.