Chupa Mbili Zisizo na Lebo

Mzee Brashi alikuwa ameosha vyombo vya maabara ya shule kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kumuuliza anaoshaje. Jina lake la kweli lilikaa kwenye faili ofisini. Huku kwenye masinki aliitwa kwa kile kifaa chake chembamba cha kusugulia testi tyubu. Tangu mkewe afariki, nyumbani hakuwa na mtu wa kumsikiliza akilalamika, kwa hiyo malalamiko yote aliyabeba kuja nayo kazini. Ofisi nayo haikumwangusha. Kila wiki ilimpa jipya.

Jana ilimpa agizo: wakaguzi wanakuja, stoo ing'ae. Mzee akang'arisha kweli. Akakusanya vifuniko vya chupa zote, akavitia kwenye beseni la maji ya sabuni, akavisugua mpaka vikawa kama vimetoka dukani leo. Kumbe lebo za shule ile zilibandikwa juu ya vifuniko, siyo kwenye chupa, maana mkuu fulani wa zamani aliona kwamba kifuniko kinakula karatasi ndogo. Mzee alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lilimtoka kichwani, basi.

Chupa nyingi zilijitambulisha zenyewe, hii ya bluu, ile ya zambarau. Zikabaki mbili, zote nyeupe kama maji ya bombani. Moja ilikuwa na aldehaidi, nyingine ketoni, na ndizo hizo wanafunzi walitakiwa kuzitofautisha kwenye mtihani wa vitendo saa nne asubuhi.

"Mzee wangu, umeniua," alisema mwalimu wa kemia, binti mwenye mafua na leso mkononi. Ilikuwa saa moja na nusu.

"Mimi? Wamekuua hao waliobania karatasi. Lete ninuse, nitakwambia ipi ni ipi."

"Thubutu! Mvuke wake unachoma kifua."

Mkuu wa shule alikuwa ameshasimama mlangoni, tai imenyooka. Alisikiliza yote kisha akasema polepole, kama anayesoma tangazo. "Ikifika saa nne hamjui ipi ni ipi, mtihani naufuta. Na wewe Mzee Brashi utanikabidhi ufunguo wa stoo na kwenda nyumbani moja kwa moja."

Nyumbani. Mzee alikiona kile kiti cha pili pale mezani, cha marehemu mkewe.

Mwalimu alivaa glavu, akachota kidogo kutoka kila chupa, akadondoshea dawa ya kwanza. Testi tyubu zote mbili zikatoa unga wa rangi ya machungwa.

"Mbona zinafanana?" mkuu akauliza.

"Hiyo inatuambia tu kwamba ni ndugu. Zote zina kaboni iliyoishika oksijeni kwa mikono miwili. Tofauti ni mahali ilipokaa. Kwenye aldehaidi iko mwisho wa benchi, pembeni yake kuna haidrojeni tu, kwa hiyo ni rahisi kuifikia na kuibadilisha. Kwenye ketoni iko katikati, imebanwa na kaboni huku na huku. Huigusi kirahisi."

"Nimeelewa," alisema mzee. "Ketoni ni mkuu. Kazungukwa na watu wake pande zote."

Mwalimu alipiga chafya ili asicheke.

Ikabaki dawa ya fedha. Mwalimu alichanganya nitrati ya fedha na amonia, akagawa kwenye testi tyubu mbili, akatia tone la kila chupa na kuzisimamisha kwenye bika la maji ya moto. Aldehaidi ilitakiwa kuirudisha fedha ile iwe metali, ijipake kwenye ukuta wa kioo. Ketoni isifanye lolote. Walisubiri. Zote mbili zikawa nyeusi, tope tupu.

"Ameshazichanganya!" mkuu alifoka. "Kamiminia hii kwenye ile! Lete ufunguo."

Mzee alitia mkono mfukoni. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye zile testi tyubu. Aliokota nyingine tupu kwenye kibao cha kuzisimamishia, akaitia maji, akaimwaga na kuielekeza dirishani.

"Hizi nani kaosha?"

"Wanafunzi," mwalimu alisema. "Agizo la ofisi, wao waoshe, wewe ufagie uwanja. Wiki iliyopita tulizitumia kupimia sukari."

"Angalia, binti. Maji yamesimama matone matone. Tyubu safi maji hushuka kama pazia, hayaachi hata chembe. Humu mna sukari na mafuta ya vidole. Fedha itajuaje iende kwa nani?" Akamgeukia mkuu. "Nipe nusu saa. Ufunguo hauna miguu."

Mkuu alitazama saa yake, akavuta kigoda.

Mzee alisugua kwa sabuni, akasuuza. Mwalimu akapitisha asidi, mzee akasuuza tena. Kisha akatoa uvunguni mwa sinki dumu lake la maji ya kukeneka, yaliyosafishwa kwa mvuke, limebaki robo.

"Mbona ni kidogo hivyo?" mkuu aliuliza.

"Muulize dereva wako. Betri ya gari lako inakunywa kuliko maabara nzima."

Mkuu alikohoa akatazama dari. Mzee alisuuza mara tatu, na mara ya tatu maji yakashuka kama pazia. Dawa mpya ikachanganywa, matone yakaingia, maji ya moto yakasubiriwa. Dakika moja. Ya pili. Testi tyubu ya kulia ilibaki vilevile, maji matupu. Ya kushoto ikaingia kivuli, kivuli kikawa kijivu, halafu ghafla ukuta wake ukang'aa mzima, kioo cha fedha safi, na ndani yake uso wa mkuu umerefuka kama wa farasi.

"Aldehaidi!" mwalimu alipaza sauti, akamkumbatia mzee na glavu zake.

"Haya, haya, utanipaka dawa," mzee alisema, lakini hakujitoa haraka.

Mkuu aliishika ile tyubu kwa leso, akaigeuza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Ufunguo baki nao," alisema. "Na uwanja atafagia mwingine. Hii naweka ofisini, wakaguzi waione."

"Kioo chukua. Maji yaliyo ndani niachie niyamwage sasa hivi. Yakilala yanalipuka."

"Yanalipuka kweli?"

"Kweli bosi. Na leo, kusema haki, sikutakii."

Mkuu alirudisha tyubu haraka, na kwa mara ya kwanza akauliza, "Hivi zinaoshwaje, mzee?"

Mzee Brashi alimpa aproni. Maelezo yake yalichukua muda mrefu, mpaka wanafunzi wakaanza kupanga mstari nje.