Vifungo vya Mgongoni

Shangazi yangu amebeba sinia kwenye tamthilia kwa miaka kumi na tisa. Akitokea kwenye runinga nyumbani tunapiga makofi, na kabla hatujashusha mikono keshatoka mlangoni. Kwa hiyo nilipoambiwa nimshonee tena gauni la mtumishi, mimi fundi wa mavazi na damu yake, roho iliniuma.

Safari hii ilikuwa hadithi ya ukoo wa matajiri wa miaka mia iliyopita, waliofilisika mpaka wakauza vitasa vya milango. Picha yao moja ya zamani tuliibandika kwenye ukuta wa chumba cha kushonea. Watu weupe sita wamekaa mezani. Pembeni amesimama mwanamke mweusi, gauni jeusi, hana jina popote. Mwongozaji, tuliyempachika jina la Tuone kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila kitu, alisema huyo ni mtumishi, na maneno yakaishia hapo.

Mimi ni mbea wa nguo. Mtu akipita, naangalia mshono kabla ya sura. Nilichukua kioo cha kukuzia nihesabu vifungo vya gauni lile, nimshonee shangazi sawasawa. Nikatafuta kifuani. Hakuna. Nikashuka kiunoni, nikaenda ubavuni. Hata kimoja.

Enzi zile mtumishi alijivalisha mwenyewe kabla nyumba haijaamka, na vifungo vyake vilikuwa mbele. Gauni lisilo na vifungo mbele hufungwa mgongoni, na huko mikono ya mvaaji haifiki. Huyu mama alikuwa na mtu wa kumvisha.

Nilimwendea Tuone mbio, kioo mkononi.

"Atakuwa amepewa gauni kuukuu la mwenye nyumba," alisema. "Watumishi walipewa sana."

Nilikasirika, kwa sababu lilikuwa jibu zuri. Nikamvuta mpaka kwenye picha. "Haya, tazama bega. Kiuno cha nguo ya kupewa unakipunguza jioni moja. Bega likikataa, limekataa. Hawa waliokaa wote mabega yao yameteremka, membamba. Yeye ana mabega mapana, na mshono umekaa juu ya mfupa kabisa. Hili lilikatwa kwa kipimo chake."

Alichukua kioo, akalikagua bega. "Sasa ni nani?"

"Sijui. Mke, mkwe, dada wa mtu. Nami nataka kujua kama wewe. Ila sinia halikuwa lake."

"Mbona amesimama?"

"Labda mpiga picha ndiye aliyemsimamisha hapo. Kama ulivyotaka kufanya wewe."

Nilidhani kazi imeniponyoka. Yeye akanirudishia kioo polepole. "Mshonee la mgongoni. Kiti cha saba kiwekwe mezani. Tuone."

Siku ya kujaribu, shangazi aliingia ndani ya gauni, mikono ikamwendea kifuani yenyewe, ikapapasa.

"Umesahau vifungo, mwanangu."

"Sijasahau. Geuka."

Aligeuka. Vilikuwa ishirini na viwili, nikaanza na cha chini. Nilipofika katikati niliona mabega yanamtetemeka, nikamuuliza kama gauni linambana.

"Halibani," alisema. "Wewe funga tu. Usiharakishe."